Udongo wa Nyuma ya Jiko

Asubuhi za kijiji cha Mghange, juu milimani, huanza na ukungu. Kabla ukungu haujaondoka, Zephaniah huwa ameshakata majani ya ng'ombe. Huyatua zizini, halafu husimama ukingoni mwa shamba lake kutazama kabichi.

Mwaka ule wa 1976 hakupenda alichokiona. Kabichi zilikuwa zimedumaa. Majani yalikuwa ya manjano, na nyingi hazikufunga kabisa. Msimu uliopita alitia mbolea ya dukani, ile nyeupe kama chumvi. Msimu huu alitia zaidi. Kabichi zikazidi kununa.

"Kuna mtu ana jicho na shamba hili," alimwambia mkewe, Wakio.

"Jicho la nani, Baba Dinah? Kila mtu hapa ana shamba lake la kutazama."

Zephaniah aliinamia kabichi zake tena. Alikuwa mtu mwema, mchapa kazi, na kanisani hakosi. Lakini kushuku kulikuwa ugonjwa wake. Ukimsalimia kwa furaha, anajiuliza unataka nini. Ukimkaribisha chai, anangoja unywe wewe kwanza.

Binti yao Dinah alikuwa kidato cha tatu katika shule ya harambee iliyokuwa karibu na kanisa. Zephaniah mwenyewe alibeba mawe ya msingi wa shule hiyo. Aliyabeba akiwa na jambo moja moyoni: mtoto wake apate kazi ya kukaa kitini, chini ya paa. Asije akainamia jembe maisha yake yote.

Jumamosi moja Dinah alirudi nyumbani na mkebe mtupu wa maziwa ya unga. Ubavuni palikuwa pamebandikwa karatasi yenye jina la baba yake.

"Mkebe wa nini huo?" Zephaniah aliuliza.

"Wa udongo, Baba. Mwalimu Khaemba ametuambia kila mmoja alete udongo wa shamba la kwao. Tutaupima."

"Mwalimu gani huyo?"

"Wa kilimo. Ni somo jipya, limeanza muhula huu."

Zephaniah aliweka panga chini polepole. "Kilimo? Nimekutoa shambani nikakupeleka shule, na shule inakurudisha shambani?"

"Si kulima tu, Baba. Kuna sayansi ndani yake, na hesabu. Na mtihani upo, kama masomo yale mengine."

"Na jina langu limebandikwa hapo kwa nini?"

"Ili udongo usichanganyike na wa wengine."

Jibu lilikuwa rahisi, na kwa sababu lilikuwa rahisi Zephaniah hakuliamini. Alikwenda moja kwa moja kwa jirani yake Thadeus. Hapo alikosea njia, maana Thadeus alikuwa mtu wa kuongeza kuni kwenye moto wa mwingine.

"Hata mwanangu ameleta mkebe," Thadeus alisema, akipunguza sauti ingawa walikuwa peke yao. "Wewe husikii mambo ya kule tambarare, chini ya Mwatate? Mawe ya kijani, mawe mekundu, ya kutiwa kwenye pete! Yalianzaje? Walikuja watu na vifuko, wakachota udongo kidogo kidogo. Kilichofuata ni seng'enge. Sasa hupiti."

"Lakini huyu ni mwalimu."

"Mwalimu kutoka wapi? Magharibi kule, mbali! Udongo wa Mghange unamhusu nini? Na ukiambiwa chini ya kabichi zako kuna mawe, utalala wapi?"

Zephaniah alirudi nyumbani akiwa na kichwa kizito. Shamba lile alilirithi kwa baba yake. Matuta yake ya mawe yalijengwa na babu yake. Sasa litiwe ndani ya mkebe, liandikwe jina, lipelekwe kwa mtu asiyemjua?

Alikuta Dinah ameshachimba udongo katikati ya kabichi. Mkebe ulikuwa umejaa, umewekwa mlangoni. Dinah alikuwa amekwenda mtoni kuteka maji, na Wakio alikuwa zizini.

Zephaniah alitazama huku na huku. Aliuchukua mkebe, akaumwaga udongo wake shambani. Kisha akazunguka nyuma ya jiko, mahali Wakio anapomwaga majivu na maganda ya ndizi. Akachimba udongo wa hapo kwa jembe, akaujaza mkebe, akaurudisha mlangoni vilevile.

"Wapime huo," alijisemea. "Ardhi ya nyuma ya jiko hakuna anayeitamani."

Siku ile alikula ugali kwa raha, kama mtu aliyewashinda wezi.

Wiki iliyofuata wanafunzi walikuja. Walikuja darasa zima, wakiongozwa na Mwalimu Khaemba, kijana mrefu mwenye viatu vilivyojaa matope. Walikuwa wakizunguka shamba hadi shamba, wakilinganisha vipimo na mimea. Zephaniah alisimama ukingoni mwa tuta, mikono nyuma, macho yakiwa kwenye mifuko ya mwalimu. Hakuona nyundo. Hakuona kifuko. Lakini hakuridhika.

"Hodi, mzee," Khaemba alisema. "Samahani kwa kuja wengi hivi. Tumekuja kutazama tu."

"Tazameni," Zephaniah alijibu. "Macho hayachukui kitu."

Khaemba aliinama, akashika jani la kabichi. Uso wake ukabadilika. Alimwita Dinah.

"Dinah, udongo ulioleta ulikuwa mzuri kuliko wa darasa zima. Haukuwa na uchachu, yaani asidi, hata kidogo. Kabichi za shamba lenye udongo kama ule hazingekuwa hivi. Uliuchota hapa kweli?"

"Ndiyo, mwalimu. Hapa hapa, katikati."

Wanafunzi wakaanza kucheka. "Alichota dukani!" mmoja alisema.

"Nyamazeni," Khaemba alisema. Hakuwa na hasira, lakini hakucheka. "Dinah, kazi hii inahesabiwa kwenye mtihani. Anayetunga majibu siwezi kuipeleka kazi yake, wala siwezi kumwacha darasani aharibu ya wenzake. Fikiri vizuri. Ijumaa unijibu."

Dinah alimtazama baba yake, kama mtoto anayetafuta shahidi. Zephaniah aliona aibu. Mwanawe aliitwa mwongo mbele ya darasa zima, na yeye akatazama mlima.

Jioni Dinah hakula. Kesho yake aliketi karibu na baba yake zizini.

"Baba, nimekubali. Nitakwenda mjini Voi kwa shangazi Mbula, pale Kaloleni, nijifunze kupiga taipu kama ulivyotaka zamani. Shule sirudi."

Zephaniah alikuwa ameitaka taipu hiyo kwa muda mrefu. Aliwahi kuiombea hata kanisani. Sasa ilikuwa imeletwa mkononi mwake, naye hakuweza kuipokea.

"Kwa nini usirudi?"

"Kwa sababu mimi si mwongo, Baba. Na hakuna anayeniamini. Nimeanza hata mimi kujiuliza kama nilichota hapo."

Maneno hayo yalimchoma. Alipoinuka alimkuta Wakio amesimama nyuma ya zizi, amesikia yote.

"Baba Dinah," Wakio alisema, "wiki iliyopita niliona shimo nyuma ya jiko langu. Nilidhani ni kuku. Kuku hachimbi kwa jembe."

Zephaniah aliketi tena chini. Kisha akasema yote: mawe ya kijani, seng'enge, mkebe, udongo. Dinah alisikiliza, machozi yakimtoka.

"Ulinisikia naitwa mwongo, Baba. Ulikuwa hapo."

"Nilikuwa hapo," Zephaniah alisema. "Nisamehe, mwanangu."

Wakio aliingia ndani, akarudi na kibuyu cha maji. "Toeni kinyongo kwanza," alisema. "Wewe kwa mwalimu, na mtoto kwako. Mtu hawezi kufanya jambo jema na kinyongo kifuani."

Kwa Kidawida, lugha ya milima ile, wazee huita kufanya hivyo kutasa, yaani kutoa hasira kwa kupuliza maji. Zephaniah hakuwa amefanya hivyo tangu mazishi ya baba yake. Alipiga funda la maji, akalipuliza nje mbele ya mlango wa zizi, maji yakatawanyika kama manyunyu. "Hasira yangu itoke," alisema. "Mtoto huyu asome, afike." Dinah naye akapiga funda lake, akalipuliza. Halafu akafuta uso kwa kanga ya mama yake.

Ijumaa Zephaniah alivaa koti la kanisani, akapanda shuleni na Dinah. Aliingia darasani. Wanafunzi walisimama.

"Mimi ni baba wa Dinah," alisema. "Mtoto wangu hakudanganya. Udongo aliochota niliumwaga mimi, nikaweka mwingine. Nilidhani mnatafuta mawe. Mwongo ni mimi."

Yule aliyesema "alichota dukani" alitazama miguu yake.

"Asante, mzee," Khaemba alisema. "Dinah, nisamehe. Nilikushuku upesi." Kisha akamgeukia Zephaniah. "Ule mwingine uliutoa wapi?"

"Nyuma ya jiko. Mke wangu humwaga majivu hapo."

"Na hapo huota nini?"

"Maboga," Dinah alijibu. "Mama huyagawa kwa majirani, hatuwezi kuyamaliza."

Khaemba alicheka kwa furaha. "Mzee, ulitaka kutuficha shamba, ukatuletea dawa yake!"

Zephaniah hakuelewa. Khaemba alimpa kiti. Dinah alileta udongo mpya aliouchimba asubuhi hiyo kwenye kabichi. Aliukoroga na maji safi ya mvua ndani ya glasi, akauacha utulie, kisha akatia kipande cha karatasi ya buluu ya kupimia uchachu. Karatasi ikawa nyekundu.

"Udongo huu ni mchachu, Baba," Dinah alisema. "Kabichi hazipendi uchachu. Mizizi inashindwa kula."

"Lakini niliutia mbolea!"

"Mbolea ile nyeupe ndiyo inayoongeza uchachu," Khaemba alisema. "Ukiitia kila msimu, peke yake, udongo unazidi kuharibika. Majivu hupunguza uchachu. Ndiyo maana nyuma ya jiko maboga yananenepa."

"Kwa hiyo nimwage majivu shamba lote?"

"Taratibu, mzee. Majivu mengi nayo huharibu. Anza na tuta moja. Chekecha majivu, nyunyiza kidogo, changanya na samadi iliyooza vizuri. Mbolea nyeupe iache kwanza. Na kabichi usizirudishe mahali pale pale kila msimu, panda maharagwe msimu wa katikati. Ukitaka kutibu shamba lote, tutafute chokaa ya kilimo. Lakini pima kwanza, ndipo utibu. Dinah atakupimia."

Zephaniah alikuna kidevu. Ugonjwa wake ulikuwa haujapona kabisa. "Na wewe unapata nini, mwalimu?"

"Napata mshahara wa kufundisha," Khaemba alicheka. "Mzee, somo hili halikuja kuwafunga watoto kwenye jembe. Halijaondoa Kiingereza wala hesabu, limekaa kando ya hayo. Anayefaulu anaweza kwenda chuo cha kilimo, akawa afisa, akakaa kwenye kiti ambacho kila mzazi hukitamani. Asiyekwenda, atakuwa anajua anachokifanya shambani. Ofisi za Voi haziwezi kuwatosha watoto wote wa milima hii."

"Hilo la mwisho," Zephaniah alisema, "ni kweli."

Walianza na tuta moja. Dinah alichekecha majivu, Wakio akaleta samadi, Zephaniah akachanganya huku akinung'unika kwamba Mwingereza alipotawala hakufanya hivi. Alipanda maharagwe. Yalipotoka, majani yake yalikuwa ya kijani kibichi. Msimu uliofuata kabichi za tuta lile zilifunga zikawa kubwa hadi mtoto mdogo asingeweza kubeba moja. Wakio alizipeleka soko la Mwatate, na kabla jua halijapanda sana alikuwa amerudi na kikapu kitupu.

Thadeus alikuja kuziona. Alizunguka tuta, akaligonga kwa mguu.

"Kuna kitu chini hapa," alinong'ona. "Si bure."

"Kipo," Zephaniah alisema. "Majivu ya Mama Dinah. Lete mkebe wako, mtoto akupimie."

Dinah aliingia kidato cha nne. Muhula wa mwisho alirudi nyumbani Jumamosi na mkebe ule ule wa maziwa ya unga. Karatasi ilikuwa mpya, jina lilikuwa lile lile.

"Baba, huu ni wa mtihani wenyewe. Nahitaji udongo wa shamba."

Wakio alisimama mlangoni, akangoja. Dinah naye alingoja.

Zephaniah alichukua jembe, akampokea binti yake mkebe. Hakwenda nyuma ya jiko. Hakwenda pia kwenye lile tuta zuri ambalo watu walikuja kulitazama. Alishuka hadi chini kabisa ya shamba, kwenye tuta ambalo dawa haijafika, ambako hata magugu huota kwa shida. Alichimba hapo, akaujaza mkebe kwa mikono yake, akamrudishia.

"Chukua huu," alisema. "Huu ndio unaoniumiza."