Shadya Aomba Vyuo Vitatu

Awadhi alikuwa mkulima wa mahindi kule Misima, Handeni. Alipenda sana kuongea, na zaidi ya yote alipenda kumwongelea binti yake, Shadya. Shambani, msikitini, hata kwenye mashine ya kusaga, watu wote walijua kwamba Shadya amefaulu kidato cha nne. Walijua pia kwamba atasomea uuguzi katika chuo kikubwa cha serikali.

Mwaka uliopita Shadya aliomba chuo hicho kimoja tu, kwa sababu ndicho baba yake alichokitaka. Hakuchaguliwa. Awadhi alikasirika, akasema nafasi ya mwanawe wamepewa watoto wa wakubwa. Shadya alibaki nyumbani. Alishika jembe. Wenzake walipokuja likizo kutoka vyuoni, alipita nyuma ya nyumba ili wasimwulize.

Mama yake, Hamisa, aliyaona hayo yote. Maombi ya vyuo yalipofunguliwa tena, alizungumza na mumewe wakiwa wanapukuchua mahindi.

"Baba Shadya, mtoto akikosa tena mwaka huu, hataomba tena. Ameniambia mwenyewe."

Awadhi aliacha kupukuchua. Hilo hakulijua.

Hamisa alikuwa na dada yake aliyeishi Kwamndolwa, Korogwe mjini. Jirani wa dada huyo, Hosiana, alikuwa mwalimu wa chuo cha uuguzi. Hamisa alishauri waende wakamwulize. Jumamosi, baba na binti wakapanda basi la Korogwe.

Hosiana aliwakaribisha barazani. Shadya akamwamkia, akaketi. Awadhi akaeleza mambo yote: jinsi binti yake alivyofaulu, na jinsi alivyodhulumiwa. Hosiana alimwacha amalize. Kisha akamgeukia Shadya, akamwuliza alama zake za sayansi. Shadya alijibu kwa sauti ndogo kwamba alipata C ya Baiolojia, na D katika Kemia na Fizikia.

"Umefikisha vigezo vya kusomea uuguzi," Hosiana alisema.

"Si ndivyo ninavyosema siku zote?" Awadhi akadakia.

"Ngoja kidogo, baba. Vigezo vinamruhusu kuomba. Havimpi nafasi."

Akawaeleza taratibu. Chuo kile kikubwa kina nafasi chache, lakini kinaombwa na vijana wa nchi nzima. Wote wana vigezo. Kwa hiyo chuo huanza na wenye alama za juu, na nafasi zinakwisha kabla ya kuwafikia wengine. Mwaka uliopita, wengi waliochaguliwa pale walikuwa na B na C katika sayansi.

Awadhi aligeuka. Alimtazama binti yake, naye alikuwa ameinamisha kichwa.

"Kwa hiyo hakuna aliyemdhulumu?"

"Mimi sioni dhuluma, baba. Naona mtoto aliyepangwa kwenye foleni ndefu kuliko zote, na hakupewa foleni nyingine."

Maneno hayo yalimwingia Awadhi. Akauliza kama binti yake bado ana matumaini. Hosiana akasema anayo, tena makubwa, mradi asiombe pale peke yake. Achague chuo anachokitamani hata kama ni kigumu. Achague cha pili, ambacho wanaochaguliwa wana alama kama zake. Achague na cha tatu, ambacho alama zake zinawazidi wengi. Kabla ya kuomba, aulize kila chuo: kimesajiliwa? Mwaka jana kilichukua wanafunzi wenye alama gani? Wanafunzi wake wanafanya mazoezi katika hospitali ipi?

"Na wewe mwenyewe, mwanangu," Hosiana akamwuliza Shadya, "unataka nini?"

Shadya aliinua kichwa.

"Mimi nataka kuzalisha akina mama. Chuo chochote kilichosajiliwa kitanifaa."

Awadhi hakuwahi kumsikia akisema hivyo. Wala hakuwahi kumwuliza.

Wiki ile Shadya aliulizia vyuo kwa simu, akaomba vitatu. Majibu yalipotoka, chuo kikubwa hakikumchukua. Cha pili kilimchukua. Hamisa alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja kuuliza kuna nini. Awadhi aliwaambia ukweli: chuo kile kikubwa amekosa, na hiki amepata. Tangu hapo, mzazi akimwambia kwamba mwanawe anaomba chuo kimoja tu, Awadhi humketisha na kumweleza habari ya foleni.

Mwaka wa pili wa masomo ya Shadya, Awadhi alikwenda kumtembelea binti yake hospitalini alikokuwa akifanya mazoezi. Shadya alitoka wodini amevaa sare nyeupe. Alimpokea baba yake, akamketisha, akamfunga mkononi kipimo cha presha. Awadhi akaanza kumpa habari za nyumbani: mahindi, mvua, mama yake.

"Baba," Shadya akasema, "ninapopima, usiongee."

Awadhi akanyamaza.