Santuri ya Nne

Sabiti aliinua sindano, santuri ikapunguza mwendo mpaka ikasimama, lakini fidla moja haikunyamaza. Iliendelea kulia peke yake, nyembamba, kwa muda wa mtu kuvuta pumzi mara tatu, ndipo ikakoma.

Zamoyoni alikuwa uani anapepeta mchele. Mikono ilimsimama.

"Baba Mwanne! Umezima au hujazima?"

"Nimezima."

"Mbona ilikuwa bado inalia?"

"Masikio yako hayo, Mama Mwanne."

Basi hapo ndipo alipomuudhi. Miaka ishirini ya ndoa, kila Zamoyoni alipoona jambo ambalo mumewe hakutaka lionekane, kosa lilikuwa la macho yake, na kila alichosikia, kosa lilikuwa la masikio. Aliurudia mchele wake akiupepeta kwa nguvu mpaka nusu ukamwagikia kuku.

Sabiti alikuwa fundi wa redio hapo Kambarage, mjini Shinyanga, na watu walimheshimu kwa mikono yake mipole. Sanduku lile la santuri aliletewa na Mwalimu Ignas, kiongozi wa kwaya ya misheni. Lilitoka upande wa Geita, kwenye mgodi mmoja wa dhahabu uliofungwa miaka mitano nyuma, Wazungu wakaondoka na kuacha klabu yao na kila kilichokuwamo. Mwalimu Ignas alitaka nyimbo za kwaya awafundishie watu wake. Kazi ya Sabiti ilikuwa kuzisikiliza zote kwa gramafoni yake ya kuzungusha kwa mkono, atenge zilizo nzima na zilizopasuka. Kazi ya siku mbili. Sasa ilikuwa wiki ya tatu, na redio za watu zilijaa vumbi kwenye rafu.

Tatizo ni kwamba aliyafurahia yale mambo. Baba yake alikuwa mpiga fidla wa taarabu huko Tabora, na Sabiti alikua amelala chini ya kiti cha baba yake akisikiliza. Kila alasiri alifunga kibanda, akaja nyumbani, akaliinamia sanduku. Kulikuwa na santuri za okestra, watu wengi kama mnadani lakini kila mmoja anajua zamu yake. Kulikuwa na kwaya za lugha asizozijua, sauti zikipandana kama watu wanaokwea ngazi. Lakini zilizomteka ni santuri nne zilizobeba muziki mmoja mrefu, wa watu wanne tu: fidla mbili, ya tatu nene kidogo, na moja kubwa ya kushikwa kwa magoti. "Sikiliza," alimwambia mkewe. "Wanasemezana. Huyu anauliza, yule anakataa kujibu." Jina la muziki halikujulikana, maana karatasi za katikati zilikuwa zimeliwa na mchwa. Na santuri ya nne ilikuwa imepinda kwa jua, haichezeki, hivyo aliilaza baina ya vioo viwili juani, akaweka pasi ya mkaa juu yake ili inyooke polepole.

Tatu za kwanza akazirudia kila siku. Ya nne akaingojea.

Mwanne ndiye mtoto pekee aliyebaki kwao. Wawili walizikwa wadogo. Alikuwa na miaka kumi na minane na barua ya chuo cha ualimu Tabora, na safari ilikuwa imebaki mwezi mmoja. Zamoyoni aliificha barua ile chini ya godoro na kuigusa kila asubuhi. Kuna watu wana dhahabu, yeye alikuwa na barua.

Alasiri moja Sabiti alikuwa bado kibandani, gramafoni imefungwa kifuniko chake, na Mwanne alikuwa uani anatwanga kisamvu. Zamoyoni alitoka msalani akasikia ule muziki wa watu wanne. Kwanza alikasirika, akadhani mumewe kaja mapema. Kisha akaona mdomo wa binti yake. Sauti ya kwanza ya fidla ilitoka humo, na ya pili ikaidaka, na ya tatu, na ile nene ya magotini ikanguruma chini yake, zote kwa pamoja, na mdomo ulikuwa mmoja, wazi kidogo tu, na mchi unapanda na kushuka bila kukosea. Uani kulinuka baruti na mawe yaliyolowa.

"Mwanne," alinong'ona. "Unafanya nini?"

Muziki ukakatika. Binti akageuka na uso wake wa siku zote.

"Natwanga, mama."

"Ulikuwa unaimba nini?"

"Mimi? Sijaimba kitu."

Sabiti aliporudi, Zamoyoni alimvuta mpaka chumbani akamweleza kwa sauti ya chini, maana kuta za Kambarage hazizuii neno. Alipofika kwenye harufu ya baruti, aliuona uso wa mumewe ukibadilika.

"Unaijua hiyo harufu," alisema.

Sabiti alikaa kitandani. Kabla hawajaoana aliwahi kufanya kazi ya umeme kwenye mgodi uleule kwa miaka mitatu. "Wachimbaji walikuwa na maneno yao," akasema. "Kwamba kuna mwenyewe ndani ya kile kilima. Kwamba baruti ilimbomolea nyumba, akapanda juu, akahamia klabu ya Wazungu. Kwamba ikipigwa santuri anatulia."

"Na ulijua sanduku linatoka klabu hiyo."

"Nilidhani ni soga za wachimbaji, Mama Mwanne."

"Harufu hii hujaisikia siku zote hizi?"

Sabiti aliinama, akaanza kufungua kamba za viatu.

"Umeisikia! Umeisikia ukanyamaza, ukaniambia masikio yangu! Mtoto mmoja, Sabiti. Mmoja!" Hakuwahi kumwita kwa jina lake tangu amzae Mwanne. "Kesho sanduku hili lirudi kwa Mwalimu Ignas. Lote."

"Litarudi. Ile ya nne imeshanyooka. Niisikie mara moja tu inavyoisha, kisha narudisha."

"Kesho!"

"Kesho," aliapa.

Kesho yake Zamoyoni alikwenda bombani na ndoo mbili, na foleni ilikuwa ndefu. Alikuwa anarudi, amefika kwenye uzio wa Mbuke muuza maziwa, alipomwona Mbuke amesimama njiani na kibuyu chake, hathubutu kupita. "Mayu, mama! Kwako kuna nini?" Mbuke alinong'ona. Zamoyoni alitua ndoo akakimbia, na kadiri alivyoikaribia nyumba ndivyo muziki ulivyozidi, siyo wa gramafoni tena, maana hakuna gramafoni ya mkono inayotikisa mabati, na ile harufu ya baruti ilimjaa kooni mpaka akakohoa, na alipousukuma mlango alimkuta Mwanne amesimama katikati ya sebule, macho meupe, kidevu juu, zile sauti nne zikimtoka kama maji ya bomba lililopasuka, na vikombe kabatini vinagongana, na santuri ya tatu kwenye gramafoni imekwisha kitambo, inazunguka bure, sindano inakwaruza pembeni, na Sabiti amesimama kando yake, machozi yanamtiririka, ameishika ile santuri ya nne kwa mikono miwili.

"Ngoja," alisema. "Ngoja, Mama Mwanne, hii ndiyo ya mwisho, niache niiweke, nadhani..."

Hakumwacha adhani. Alimpokonya, akaibamiza kwenye kizingiti cha saruji. Ikapasuka vipande vipande kama kigae. Muziki ulikatika papo hapo, na Mwanne akaanguka.

Tuseme ukweli: kwa dakika moja Zamoyoni alijisikia raha. Alisimama juu ya vile vipande anahema, akamtazama mumewe machoni, akaona ameshinda. Ndipo Mwanne alipofumbua macho pale sakafuni, na aliyetazama kupitia macho yale alikuwa na hasira kuliko yeye.

Siku tatu Mwanne hakula wala hakulala. Alikaa pembeni akigonga kisogo ukutani, taratibu. Siku ya nne asubuhi akaja Bi Nyamizi, fundi wa pepo, mwanamke mfupi mwenye sauti nzito aliyejifunza kazi Tabora. Alifukiza ubani, akaketisha wapiga ngoma watatu uani, akamfunika Mwanne shuka nyeupe.

Wanaojua kazi hii wanajua kwamba kila pepo ana ngoma yake, na asipoisikia hapandi, hasemi, wala hatoki. Na ikishaanza haikatwi, hupigwa mpaka mwisho. Bi Nyamizi alijaribu ngoma za pwani, za Kimanyema, za Kisukuma. Ilipofika adhuhuri wapigaji wameloa jasho, na Mwanne chini ya shuka hakutikisa hata kidole.

"Huyu hakulelewa na ngoma," alisema Bi Nyamizi. "Amelelewa na nini?"

Zamoyoni alimkata mumewe jicho. Sabiti akaenda kulileta sanduku.

Walianza upya, kwa santuri. Okestra ya kwanza, Mwanne kimya. Okestra ya pili, kimya. Kwaya ya wanaume, kimya. Kwaya ya watoto, kidole gumba cha mguu kikacheza, kikatulia. Bi Nyamizi alisikiliza kila moja kichwa ameinamisha, kama anavyosikiliza ngoma, akitikisa mkono: si hii, weka nyingine. Alasiri ilipoingia, Sabiti akaweka ya kwanza kati ya zile nne, ambazo sasa zilikuwa tatu. Shuka ikainuka.

"Nani amenikatia wimbo wangu?"

Sauti ilikuwa ya mzee, kavu. Wapiga ngoma wawili waliondoka bila kuaga.

"Wewe ni nani, na unataka nini kwa binti wa watu?" aliuliza Bi Nyamizi.

"Walinibomolea nyumba. Chumba kwa chumba, kwa baruti, wanatafuta mawe ya manjano. Nikapanda juu niwamalize wote. Nikamkuta mwanamke wao anapiga hii. Nikakaa kusikiliza. Ilipokwisha nikalala. Kila siku aliipiga, kila siku ikiisha nalala, na hao wachimbaji wenu mkawapata jioni wazima. Sasa sijalala. Imalizeni, nitamwacha huyu."

Sabiti aliweka ya pili, akaweka ya tatu. Ya tatu ikafika mwisho.

"Imalizeni!"

Sabiti alikwenda chumbani, akarudi na ungo wenye vile vipande. Akautua chini. Bi Nyamizi aliutazama, akashika kiuno.

"Nani kafanya hivi?"

Sabiti aliinamisha uso. Hakumtaja mkewe, na hilo Zamoyoni alimshukuru baadaye, lakini siyo siku ile.

"Ni mimi," alisema Zamoyoni.

"Iko nyingine? Mwalimu Ignas hawezi kuitafuta?" alimuuliza mumewe.

"Atafute nini?" alisema Sabiti kwa sauti ndogo. "Haina jina."

"Basi sitalala tena," lilisema lile jini. "Na huyu hatalala." Damu ikaanza kushuka puani kwa Mwanne, tone kwa tone, ikichora kwenye shuka.

Zamoyoni alipasuka. Alikuwa ameogopa siku nne, na woga ulikuwa umemchosha. Alipiga magoti mbele ya shuka, akaifunua, akayatazama yale macho.

"Mpumbavu wewe! Waliokubomolea wamekwenda kwao, wewe unamgonga mtoto kisogo ukutani! Hukuwaweza wenye baruti, umemwona anayetwanga kisamvu! Unataka mtu mwenye hasira? Njoo kwangu. Huyu hana hasira za kukutosha. Aliyekuvunjia ni mimi, kaa na mimi!"

"Mama Mwanne, nyamaza," alinong'ona Bi Nyamizi. "Ukimkaribisha mwenyewe, hakuna fundi atakayemtoa."

"Nimesikia."

"Na binti asijue pepo alikokwenda. Akikulilia tu, machozi ya kiti chake cha kwanza, yaani ya yule aliyempanda mwanzo, yatamwita, atarudi kwake."

"Nimesikia, Bi Nyamizi. Wewe jini, umenisikia?"

Harufu ya baruti ilimpanda puani, ikashuka kooni, ikakaa. Mwanne akaangukia bega la baba yake.

"Baba," alisema, "nina njaa."

Wiki zile zilizobaki Zamoyoni alijifunza ratiba ya mgeni wake. Asubuhi jini alimwachia. Asubuhi alipika, alicheka, alimshonea Mwanne sketi mbili za chuo. Ikifika alasiri, saa ya santuri, aliingia chumbani akafunga mlango na kuuma khanga mpaka jua lilipozama. Mwanne aligonga: "Mama, nimekukosea nini?" Hakujibiwa. Baba yake alimwambia mama anaumwa kichwa, na Mwanne hakuamini.

Siku ya safari walifika stesheni saa mbili asubuhi, maana treni kutoka Mwanza ilikuwa ifike saa tatu. Zamoyoni aliipanga hivyo. Lakini saa tatu ilipita, saa tano ikapita. Karani alisema kuna behewa la pamba limeacha reli huko nyuma. Saa saba Zamoyoni alikuwa bado anaongea, haraka haraka, akimwambia bintiye kila alichonacho: avae viatu, asilale na nywele mbichi, aandike barua. Saa tisa alinyamaza katikati ya neno, akajaza khanga mdomoni.

Treni iliingia saa kumi kasoro.

Mwanne alipandisha sanduku lake, akarudi chini, akapiga goti mbele ya mama yake kama alivyofundishwa.

"Shikamoo, mama. Naondoka."

Zamoyoni alimshika mabega. Alitikisa kichwa, macho yamemtoka, taya zimekaza.

"Mama, shikamoo."

Watu walianza kutazama. Mwanamke mmoja aliguna. Mama gani haitikii shikamoo ya mtoto anayesafiri?

"Hata leo?" alisema Mwanne, na macho yake yalikuwa makavu, yamejaa hasira. "Hata leo huniitikii? Haya, mama. Kaa na hasira zako."

Akapanda. Hakuchungulia dirishani. Treni ikajivuta, behewa moja moja, mpaka la mwisho likapita ghala za pamba na kupotea kwenye kona ya kusini. Zamoyoni aliitazama mpaka hakuna kilichobaki ila moshi. Kisha akaitoa khanga mdomoni.

Sabiti alikuwa amesimama hatua mbili nyuma yake. Alimsikia mkewe akiitikia, "Marahaba, mwanangu," kwa sauti nne, na watu waliokuwa karibu wakaokota mizigo yao na kusogea mbali.