Kobe wa Arobaini na Mbili

Amini usiamini, haya yalimpata rafiki yangu tunayemwita Mama Kobe, na yeye si mtu wa mzaha. Kazi yake na mumewe ilikuwa kuhesabu kobe wa nyikani. Mke alimshika kobe, mume akamwandika namba mgongoni kwa rangi nyeupe. "Tunakimbizana na kobe," mume alipenda kusema, "na bado wanatushinda mbio."

Hospitalini, mume akiwa mahututi, alimshika mkewe mkono. "Amebaki yule mdogo wa shimoni, mke wangu. Wa arobaini na mbili. Usimwandike bila mimi."

Alizikwa Jumatano.

Hata mwezi haujaisha, Mama Kobe alirudi nyikani peke yake, mchana kweupe, na kile kikopo cha rangi. Alipokifungua, rangi ilikuwa imekauka kama jiwe. Hapo ndipo machozi yaliyomkataa msibani yalipomtoka.

Akiwa bado analia, akasikia kitu kinakwaruza ndani ya lile shimo. Kwaru. Kimya. Kwaru. Akalala kifudifudi, akaingiza mkono hadi begani. Mle ndani mlikuwa na giza totoro na udongo wa baridi. Mkwaruzo ukakoma. Kisha kobe akaja mwenyewe kiganjani, taratibu, kama kuna anayemsukuma kwa nyuma.

Akamtoa juani. Mgongoni palikuwa pameandikwa 42, na ile mbili ilikuwa na mkia mrefu, ule ule wa mbili za mumewe, aliokuwa akimtania nao kila siku.

Akaugusa. Rangi mbichi ikamshika kidoleni.