Gwaride la Sajenti

Siku waliyorudi kutoka bustani ya mashujaa, mke wa Sajenti alisikia harufu ya rangi ya viatu ukumbini. Nyumba nzima haikuwa na kiatu cha kupakwa rangi. Mumewe alikuwa mtu wa kandambili tangu astaafu jeshini, na siku hizi hata hizo zilikuwa pambo tu, maana miguu ilishamkataa. Mwanamke akafungua madirisha, akajitupa kitini. Kusukuma mzee mzima kwenye kiti cha magurudumu si lelemama.

Tena mzee mwenyewe alikuwa amemwaibisha. Mbele ya mnara wenye majina ya wenzake waliokufa vitani, alitoa sauti ambayo mkewe hakuisikia miaka mingi: "Gwaride, kusanyika! Mguu sawa!" Watu waliokuwa wakipiga picha wakacheka. Mara mvua ikaanza. Mke akageuza kiti mbiombio, huku mume akimshika mkono, akitaka kurudi. Askari yeyote anajua kwamba gwaride likishaitwa haliachwi limesimama. Aliyeliita ndiye hulitawanya.

"Nyamaza, tutalowa," alimwambia.

Basi wakaja nyumbani, na walioitwa wakawafuata.

Vishindo vya buti vilianza mchana, saa ya kujipumzisha. Vilipita ukumbini, vikasimama mlangoni pa chumba. Kesho yake vilisimama ndani. Mwanamke alilala amejifunika gubigubi, akinusa nguo mbichi na jasho la watu wengi, akisikia pumzi zao juu ya kitanda, zikivutwa pamoja na kuachiwa pamoja, bila kikohozi, bila mtu kubadili mguu, mpaka yeye mwenyewe akajikuta anapumua kwa mpigo wao na akashindwa kuacha.

"Mama watoto," Sajenti alinong'ona, sauti ikiwa imeanza kumkauka. "Vijana wangu wamechoka kusimama."

"Wamechoka wao? Na mimi je?"

Mganga aliyeitwa hakuvuka kizingiti. Alichungulia, akarudi nyuma.

"Mama, humu hamna pa kupita," alisema kwa sauti ya chini. "Hawa si marehemu. Ni majini yaliyosikia amri yakaitika. Mrudishe mumeo pale pale, ayatawanye kwa mdomo wake. Mtu mwingine asithubutu. Atakayetoa amri ndiye atakayetiiwa."

Asubuhi akamsukuma tena hadi kwenye mnara. Bustani ilikuwa tupu, lakini kokoto nyuma yao zilikuwa zikilia kwa buti. Sajenti akafungua mdomo. Hewa tu ikatoka. Akajaribu tena, mishipa ya shingo ikamsimama, machozi yakamlenga.

"Jikaze, baba. Neno moja tu."

Hakuweza. Mwanamke akatazama midomo ile ikihangaika, akawaza kitanda chake, usingizi wa mchana mmoja tu, wawili peke yao. Maneno ya mganga aliyakumbuka vizuri. Alikuwa amechoka mno.

"Gwaride, tawanyika!"

Buti zikageuka kwa kishindo kimoja, zikaenda zao nyasini hadi zisisikike. Kichwa cha Sajenti kikaanguka kifuani.

Nyumbani hapakuwa na harufu yoyote zaidi ya chakula cha jana. Mwanamke alilia kwa furaha. Alikuwa akitandika kitanda alipoinua macho, akamwona mumewe amesimama mlangoni kwa miguu yake mwenyewe, mikono imebana mapajani, macho yakitazama mbele bila kumwona.

"Baba watoto?"

Mwanamke akapigapiga ukingo wa kitanda.

"Kaa basi."

Akakaa.

"Lala."

Akalala chali, amenyooka. Mke akamfunika, akajilaza kando yake, akamwekea mkono kifuani kama zamani. Kifua hakikuwa kikienda.

"Pumua!" alipiga kelele.

Kikapanda, kikashuka, kikatulia.

"Pumua, mume wangu."

Kikapanda, kikashuka. Jua lilikuwa bado juu, na macho ya mwanamke yalikuwa yakijifumba yenyewe.