Mbuzi Aliyeaga Kisiwani

"Mtoto ana umri gani?"

Hilo ndilo swali lililonipokea mlangoni, mkate mkononi, viatu sijavua. Mchumba wangu alikuwa amesimama katikati ya sebule yake, buti za kazi zimejaa vumbi, simu yangu ameishika. Nilikuwa nimetoka dakika kumi tu kwenda dukani, simu nikaiacha kwenye chaji. Kumbe amerudi safari siku mbili kabla ya siku yake.

"Mtoto gani?"

"Usinijibu swali kwa swali. Sikia hii." Akasoma kwa sauti ya mtu anayesoma hukumu. "'Yuko kwangu, mzima kabisa, ameshazoea. Njoo Jumamosi tuzungumze kabla hujamchukua. Mchumba wako sitamwambia, kama ulivyoomba.' Ametuma mtu anayejiita Nyuki. Nyuki ni nani, Miwani?"

Huniita Miwani kwa sababu kazi yangu ni kukata vioo vya miwani na kuvipachika kwenye fremu. Mimi humwita Mpima, kwa kuwa ni mpima ardhi. Harusi yetu ilikuwa imebakiza wiki mbili. Kadi zilishasambazwa, na shangazi zake walishaanza kugombana nani atakaa meza ya mbele.

"Nyuki simjui," nikasema.

"Humjui, na anakulelea mtoto?"

"Si mtoto."

"Ni nani basi?"

"Ni mbuzi."

Akacheka kile kicheko cha hasira kisicho na meno. "Mbuzi! Mwanaume mzima, hata uongo umeshindwa kuuvalisha nguo?"

"Mbuzi wa mama."

Kicheko kilikatika hapo hapo. Alinitazama, akaitazama droo anamoweka gemu lake, akanitazama tena. Akaketi kwenye mkono wa kochi.

"Bora angekuwa mtoto," akasema.

Ngoja niwaeleze, msije mkadhani nimerukwa na akili. Mpima ana gemu la mkononi, lile la kisiwa. Humo hakuna kuuana wala kukimbizana. Una kisiwa chako, unamwagilia maua, unavua samaki, unaokota kombe ufukweni, na una majirani wanyama wanaovaa nguo na kukusimulia habari zao. Saa ya huko ni saa ya huku. Usipoingia wiki nzima, magugu yanakungoja.

Mama yake alipoanza kuumwa, alikuwa akilidharau. "Mtu na digrii yake anachimba mchanga wa uongo," alikuwa akisema. Mwezi wa pili kitandani, gemu likawa halimtoki mkononi. Jirani aliyempenda ni mbuzi mmoja mzee mwenye kilemba cha njano. Sasa, gemu hilo linakuruhusu kumfundisha jirani maneno ya kumalizia kila anachosema. Mama alitumia nusu saa, kwa kidole kimoja, kuandika: Umekula, mwanangu? Wiki tatu baadaye akafariki.

Kwa mwaka mzima, kila asubuhi kabla ya kazi, Mpima aliingia kisiwani kumsalimia mbuzi. Mbuzi alimweleza habari za mvua, kisha akamalizia, "Umekula, mwanangu?" Ndipo Mpima alipokwenda kunywa chai.

Alipopata kazi ya kupima viwanja mbali kwa siku kumi na mbili, hakutaka gemu liingie vumbi. Akanikabidhi mimi, pamoja na funguo za nyumba.

"Maua mwagilia. Mbuzi msalimie. Kingine chochote usikiguse," aliniambia.

"Ondoa shaka."

Siku ya pili, mbuzi akanifuata ufukweni. Akasema amekaa kisiwani muda mrefu na anafikiri ni wakati wake wa kuondoka. "Umekula, mwanangu?" Chini yake yakatokea majibu mawili: Baki nasi, au Nenda salama.

Wenzangu, mimi nimelelewa na bibi. Niliyofundishwa ni kwamba mtu mzima akikuaga humng'ang'anii. Unambebea mzigo hadi njiani, unamtakia heri. Nikabonyeza Nenda salama, na kichwa nikakiinamisha, peke yangu sebuleni kwa watu. Niliamini anakwenda kutembea na atarudi.

Kesho yake nyumba ya mbuzi haikuwepo. Palikuwa na kiwanja kitupu na kibao.

Nikampigia dada yangu, ambaye ni msusi na anacheza gemu hilo hilo akisubiri wateja.

"Dada, jirani akihama kisiwani, hurudi lini?"

"Nani kahama?"

"Mbuzi."

Nikasikia kikausha nywele kikizimwa. "Yule wa marehemu?"

"Ndiyo."

"Ulimjibu nini?"

"Nilimtakia safari njema."

"Mungu wangu! Mimi na wewe tumenyonya ziwa moja kweli?"

"Anarudi lini, dada?"

"Harudi, mdogo wangu. Mara nyingine huibukia kwenye kisiwa cha mchezaji mwingine mliyewahi kutembeleana mtandaoni, na maneno yake anakuwa nayo. Lakini hayo baadaye. Mpigie mwenzio sasa hivi umwambie."

"Yuko kazini, nitamvuruga. Nikishampata mbuzi nitamwambia."

"Njia ya mwongo ni fupi."

Sikusikia. Nilifungua orodha ya watu waliowahi kutembelea kisiwa cha Mpima. Walikuwa kumi na mmoja. Nikawaandikia wote, nikaacha namba yangu, nikawasihi wasimwambie mwenyewe. Na kila jioni Mpima alipopata mtandao na kunipigia, mazungumzo yalikuwa haya:

"Mbuzi wangu anasemaje?"

"Anauliza kama umekula."

"Mwambie nimekula."

"Nitamwambia."

Haya, sasa mnajua. Turudi sebuleni.

"Aliondoka lini?" Mpima akauliza.

"Siku ya pili."

"Leo ya kumi." Akahesabu kwa vidole, ingawa hesabu ndiyo kazi yake. "Kwa hiyo jioni nane. Mara nane nimekuuliza anasemaje, mara nane umenijibu."

"Nilikuwa namtafuta. Nilitaka ukirudi umkute."

"Sijakuuliza ulikuwa unafanya nini. Kumwachia aondoke ni ajali, hata mimi ningeweza kuteleza. Lakini wewe ulimwigiza, Miwani. Umenidanganya kwa kinywa cha mama yangu."

Alilosema lilikuwa kweli tupu. Mkate ulikuwa umeshaminyika kwapani mwangu.

"Nisamehe."

"Jumamosi twende kwa huyo Nyuki. Nikishamwona mbuzi wangu ndipo nitajua kama kuna harusi. Sasa nenda kwako."

"Na mkate?"

"Uache mezani."

Siku tatu zile nilikata vioo hadi bosi akaniuliza kama nimegombana na macho ya watu. Bibi mmoja nilimpa miwani ya dereva, dereva nikampa ya bibi. Nilimwandikia Mpima ujumbe: "Umeamkaje?" Akajibu: "Jumamosi." Nikaandika tena: "Nakupenda." Akajibu: "Saa nne kamili."

Nyuki aliishi ghorofa ya tatu. Alikuwa mama wa makamo, bado amevaa sare ya kazini. Yeye ni mpokea simu za dharura, mmoja wa wale ambao moto ukiwaka au mtu akianguka ndio unaosikia sauti yao kwanza. Sebule ilikuwa safi, meza ndogo, kiti kimoja. Alikwenda kutuletea viti viwili vya jikoni.

"Nisamehe sana, mdogo wangu," alimwambia Mpima kabla hatujakaa. "Huyu kijana alinisihi nisikwambie. Lakini mbuzi ni wako. Siku atakayoomba kuondoka, nitamruhusu, ukamchukue."

"Asante, dada."

"Nina ombi moja tu. Usiwe na haraka naye." Alitazama mikono yake. "Mume wangu aliondoka miezi saba iliyopita. Kazini nasikiliza watu wakilia kutwa, nikirudi nakunywa chai nalala. Siku ya kwanza huyu mbuzi aliponiuliza nimekula, nilimjibu kwa sauti, humu ndani peke yangu: sijala. Siku ya tatu nikaona aibu kumjibu hivyo tena. Nikapika."

Mpima akanyoosha mkono. Nyuki akamkabidhi gemu lake.

Mbuzi alikuwa mbele ya nyumba mpya, anapanga vyungu, kilemba chake kile kile. Mpima alimkaribia taratibu kama anayeingia wodini. Maneno yakatokea, nami nikayasoma juu ya bega lake:

"Karibu, mgeni! Zamani niliishi kisiwa kingine. Nilipoaga walinitakia safari njema, ndiyo maana nimefika vizuri. Umekula, mwanangu?"

Mabega ya Mpima yakaanza kutikisika. Nilidhani sasa mambo yameharibika kabisa. Nikasogea kumshika, nikasita, nikarudisha mkono.

"Unajua ameniomba kuondoka mara ngapi?" aliniuliza bila kugeuka.

"Nani?"

"Huyu mbuzi. Mara tano kwa mwaka huu mmoja. Mara tano nikambonyezea Baki nasi. Ya mwisho nilikuwa nalia, nabonyeza kama mwehu."

"Hukuwahi kuniambia."

"Ningekuambia nini? Kwamba nabembeleza mbuzi wa gemu?" Alifuta pua kwa mkono wa shati. "Na mama naye, siku ile hospitali. Alinishika mkono akasema, mwanangu, nataka kukuaga. Nikamkatiza. Nikamwambia acha hayo mama, utapona, ngoja nikakuletee maji. Nilikimbilia hayo maji kama yanauzwa kwa foleni. Niliporudi na glasi, alikuwa ameshaondoka. Hakuniaga, Miwani, kwa sababu mimi nilimziba mdomo."

Nyuki alikuwa ameinamisha kichwa. Nilimshika Mpima bega, na safari hii sikuurudisha mkono.

"Alikuwa na haki ya kuaga," akasema. "Wewe hujui hata kuvua samaki humu, lakini ulimpa."

"Sikujua ninachofanya."

"Najua hukujua."

Akavuta pumzi ndefu. Akakiinamia kile kioo kidogo, akasema kwa sauti, mbele yetu, bila aibu:

"Nenda salama, mama. Samahani nimekuchelewesha."

Nimeona watu wakivaa miwani yao ya kwanza, wanatoka nje na kuona kwamba kumbe miti ina majani. Uso wake ulikuwa hivyo. Kisha akamrudishia Nyuki gemu.

"Abaki hapa, dada."

"Humchukui?" Nyuki alishtuka. "Mdogo wangu, fikiri vizuri. Ni maneno ya mama yako."

"Mimi maneno yake nimeyala mwaka mzima. Wewe ndiyo kwanza umeanza kupika. Ila nikija kumsalimia, usinifungie geti la kisiwa."

"Geti?" Nyuki alikuwa analia na kucheka. "Na geti la kisiwa, na mlango huu. Njoo hata kesho."

Tulianza kushuka ngazi. Yeye mbele, mimi nyuma, na kati yetu kuna vipandio vitatu ambavyo mimi niliviona kama mia. Mbuzi alikuwa amepata kwake. Mimi nilikuwa bado sijui kwangu ni wapi. Tulipofika ghorofa ya pili uvumilivu ukanishinda.

"Mpima. Na mimi?"

Akasimama. "Wewe bado."

"Bado nini?"

"Mbuzi nimekusamehe. Zile jioni nane bado."

"Nifanye nini?"

"Uniambie ukweli papo hapo. Hata nikiwa juu ya kilima na vigingi mkononi. Hata ukijua utaniudhi. Mimi mwenyewe nimeishi na jambo la mama mwaka mzima nikikuficha, kwa hiyo nami naahidi kwa upande wangu. Mtu akivunja kitu, aseme kikiwa bado sakafuni. Tukishindwa hilo, hakuna haja ya ukumbi wala keki."

"Nakubali."

"Usikubali haraka haraka, Miwani. Fikiri."

Nikafikiri. Na kadiri nilivyofikiri, ndivyo jasho lilivyoanza kunitoka.

"Basi kuna ukweli wa kwanza," nikasema. "Tangu Jumatano sijalala. Si kwa ajili ya kadi wala watu watasema nini. Nilikuwa naogopa kukukosa. Nakupenda mpaka najishangaa, na nilidanganya kwa sababu nilitaka uendelee kuniona mtu wa kuaminika. Ni ujinga, lakini ndivyo ilivyokuwa."

Macho yake yakalainika. Akapanda kipandio kimoja kunielekea. "Na wa pili?"

"Nani kasema kuna wa pili?"

"Umesema wa kwanza. Wa kwanza huwa na mdogo wake."

Nikatazama ukuta. "Ile suti niliyokwambia imekwisha, imebaki kupigwa pasi..."

"Ndiyo?"

"Fundi hajaikata."

"Miwani!"

"Umesema papo hapo!"

"Hata wiki mbili hazijabaki, na kitambaa hakijakatwa?"

"Kitambaa nacho..."

"Usiniambie!"

"Hakijanunuliwa."

Aliegemea ukuta akacheka, cheko la tumboni, machozi ya kule juu bado hayajakauka. Alicheka hadi mlango mmoja ukafunguliwa na mama mmoja akachungulia, mwiko mkononi.

"Jamani, kuna nini huku?"

"Hakuna kitu, mama, samahani," Mpima alijibu akijifuta macho. "Huyu mchumba wangu ananiambia ukweli."

"Haa! Mshike huyo, wasije wakakuibia," mama yule akasema, akafunga mlango.

Neno mchumba lilikuwa limenipita sikioni likanifika moyoni. Kabla sijalijibu, Mpima alikuwa ameshanishika mkono na kuanza kunivuta kushuka.

"Tunakwenda wapi?"

"Kununua kitambaa, halafu kwa fundi kabla hajafunga. Mimi siolewi na mtu aliyevaa fulana."