Mizigo Mitatu Safari Moja

Tumpe anakaa juu ya kilima chenye ukungu. Baba yake ana gari dogo la mizigo. Watu huliita kirikuu.

Asubuhi, baba hupeleka sokoni viazi vya Babu Ambakisye.
Ngrrr, ngrrr, linashuka.
Ngrrr, ngrrr, linapanda.
Moshi nyuma, fuu, fuu, fuu.

Mchana, hupeleka ndizi za Mama Lusajo.
Ngrrr, ngrrr, linashuka.
Ngrrr, ngrrr, linapanda.
Moshi nyuma, fuu, fuu, fuu.

Jioni, hupeleka maparachichi ya Bibi Subilaga. Akirudi, Tumpe ameshalala.

Tumpe ana habari nyingi za kumwambia baba. Zinajaa kifuani, na baba hayupo. Inamuuma sana.

"Baba, kwa nini usibebe vyote pamoja?"
"Kila mtu anataka gari lake peke yake, mwanangu. Lakini ngoja tuwaulize."

"Viazi vitaponda ndizi zangu," alisema Mama Lusajo.
"Na maparachichi yangu je?" aliuliza Bibi Subilaga.
"Viazi vyangu havina neno," alisema Babu Ambakisye.

Wakakubali kujaribu. Mama Lusajo alifika wa kwanza, kwa hiyo baba akapakia ndizi kwanza. Viazi vikaja juu yake.

Pwacha. Ndizi moja ikapondeka.
"Si nilisema mimi?" alisema Mama Lusajo.

Tumpe akavuta shati la baba. "Mama akipanga kapu, vizito vinakaa chini."

Baba akacheka. Akashusha vyote, akaanza upya.
Viazi chini, tii.
Majani makavu, chwa chwa.
Ndizi katikati. Maparachichi juu.

Mama Lusajo akachungulia huku. Akachungulia kule.
"Haya, twendeni," alisema. "Ila nitazikagua moja moja."

Ngrrr, ngrrr, likashuka.
Ngrrr, ngrrr, likapanda.
Moshi nyuma, fuu, mara moja tu.

Nauli waligawana wote watatu, kila mmoja akalipa kidogo. Sokoni, Mama Lusajo alizikagua ndizi zake, zote zilikuwa nzima.

Na baba akarudi jua likiwa bado linawaka.

Walikula pamoja. Kisha wakakaa mkekani, Tumpe akaanza kusimulia. Mbuzi amezaa mapacha. Jino linatikisika. Anajua kuruka kwa mguu mmoja.

"Ehe," alisema baba.
"Kumbe," alisema baba.
"Khooo," alisema baba.

Baba amelala.

Tumpe akamfunika kanga ya mama. Akalala ubavuni pake, akaendelea kumsimulia kwa sauti ndogo, asije akamwamsha.