Asubuhi Tisa za Malaika

Mgeni hatwangi sombe, majani ya muhogo, siku ya kwanza. Ndiyo maana Nuru, aliposikia kinu nyuma ya nyumba kabla jua halijapanda, alidhani ni jirani. Alipotoka alimkuta Soraya, rafiki yake aliyefika jana kutoka Montréal, amefumba macho, anatwanga kwa mkono wa kushoto.

Soraya hakuwa wa kushoto. Wa kushoto alikuwa Malaika, na Malaika walimzika mwaka jana.

Watatu hao walikulia mtaa mmoja hapa Kasongo. Soraya akaenda ng'ambo, wawili wakabaki. Malaika alipougua, alimpigia Soraya simu asubuhi tisa mfululizo, apate kuagana naye tu. Asubuhi ya Kasongo ni usiku wa Montréal. Simu ililia bure, mpaka siku ya tisa ulipoingia ujumbe: "Niko usingizini. Nitakupigia kesho." Hiyo kesho yenyewe, Nuru alikuwa anaosha maiti.

Sasa, kwetu aliyekosa kilio hana ruhusa ya kuchoka. Anafika na begi mkononi, anapita kwanza nyumba ya marehemu, analia, ndipo anaoga, anakula na kulala. Soraya alilijua hilo tangu utoto. Lakini alikuwa ametoka ndege tatu, na juu yake siku mbili za pikipiki kutoka Kindu, macho yamevimba.

"Kilio tutaenda kesho, ndugu yangu," alisema. "Niko na décalage, saa za kule hazijanitoka. Mwili yangu ingali Montréal."

Kesho tena. Na Nuru, kwa huruma yake ya kijinga, akamtandikia kitanda alichomuuguzia Malaika mpaka akafa, maana nyumba haikuwa na kingine cha mgeni, na mume wake, ambaye angemkataza, yuko machimboni Salamabila, huu mwezi wa nne.

Pale kinuni, adhana ya adhuhuri ilipoita, mchi ulianguka. Soraya akafumbua macho, akatazama malengelenge viganjani.

"Nani alinileta huku?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Ulitembea usingizini. Ni uchovu."

Usiku Soraya hakulala. Alilalamikia joto, mbu, mtandao. Alfajiri usingizi ukamchukua, na siku hiyo aliamka alasiri. Siku ya tatu, magharibi. Décalage ya watu hupungua; yake ilikua. Na kila alipolala aliinuka yule mwingine, akifagia, akichota maji, amefunga kitenge upande wa kushoto, na nyumba nzima ikanuka mafuta ya mawese na karafuu, ile dawa ya kuchua ambayo Nuru aliimalizia kwenye mgongo wa Malaika na hakuwahi kuitengeneza tena.

Siku ya nne Nuru alijikaza. "Weye uko nani?"

"Unaniuliza mie jina?" Sauti ilikuwa ya Malaika, na macho yamefumbwa vilevile. "Kaa chini nikusuke. Kichwa yako imekuwa pori."

Vidole vilikuwa vya baridi. Nuru alitaka kukimbia, lakini vile vidole vilijua penye kovu lake la utotoni na vilipita polepole, na sauti ikamuuliza ule mguu wake unaomuuma unaendeleaje, na analala vipi peke yake, maswali ambayo mgeni wa Montréal hakuyauliza hata moja tangu ashuke kwenye pikipiki. Na aibu ya Nuru ni hii: alifurahi.

Siku hiyo Soraya aliamka isha imekwisha, na mwenyewe akaomba tabibu. Akaja Maalimu Kamaldine, akaandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akaziosha kwa maji, akalitia kombe hilo kikombeni.

"Anywe mwadhini wa alfajiri akianza, asimutangulie," alinong'ona. "Kisha umupeleke kaburini alie. Akilala tena bila kunywa, huyu hataamuka. Mumesikia?"

Soraya alimshika Nuru mkono. "Niko na watoto wawili, Nuru. Nakuomba. Usiache nilale."

Walikesha. Karibu na alfajiri kichwa cha Soraya kikaanguka begani kwa Nuru. Mwadhini akaanza. Ilitosha kumtikisa, na kikombe kilikuwa kimeshikwa tayari, lakini Nuru alikumbuka asubuhi zile tisa alizoshikilia simu kwenye sikio la mgonjwa, ikilia, ikilia, na Malaika akimwambia ngoja kidogo, labda anaoga, labda anavaa, ngoja kidogo, atapokea, na mkono wa Nuru ukaenda wenyewe mpaka kizingitini ukamwaga kombe lote.

Adhuhuri ilipita, alasiri ikapita, magharibi na isha zikapita, mchi haukuanguka. Walitwanga pamoja wakicheka mambo ya shuleni. Nuru hakuwa amecheka hivyo tangu mazishi.

Ndipo simu ya Soraya ikalia juu ya kiti. Kwenye kioo ilitokea picha ya watoto wawili wa Soraya, wenye sare za shule, nao ng'ambo wanangoja.

Mwanamke aliishika kwa mkono wa kushoto. Kwa mara ya kwanza alifumbua macho. Aliwatazama wale watoto kwa muda, bila chuki na bila huruma, kisha akaizima simu na kuilaza kifudifudi.

"Nitawapigia kesho," alisema.

Nuru aliacha kucheka, akageukia mlango. Kizingiti kilikuwa kimekauka zamani. Akachukua mchi wake, wakaendelea kutwanga.